Namna ya Kushona Mkoba wa Kitambaa kwa Ajili ya Zawadi

Mkoba wa kitambaa ulioshonwa nyumbani hupendeza machoni mara tu unapofunguliwa, lakini hupimwa baadaye, siku mpokeaji anapoutia vitabu vinne na chupa ya maji kisha akautundika begani na kutembea nao nusu saa nzima. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unatilia mkazo sehemu mbili zinazobeba mzigo, yaani kitako na maungio ya mikanda, na unayachukulia mapambo kuwa jambo la kuongezwa pale tu ambapo hayadhoofishi kazi. Mkoba wa kwanza niliowahi kumpa mtu ulikuwa na maua mazuri ya kudarizi mbele, na mkanda wake uling'oka kabla ya mwezi kwisha kwa kuwa niliushikiza kwa mstari mmoja tu wa mshono. Tangu wakati huo siwezi kumfundisha mtu kushona mkoba bila kuanza na habari ya mikanda.

Anza kwa kumfikiria mtu atakayeutumia. Je, huvaa mkoba begani au huushika mkononi? Ni mrefu au mfupi? Hubeba karatasi, nguo za mazoezi, au vitu vidogo vidogo vinavyopotea chini? Vipimo nitakavyotumia hapa hutoa mkoba wenye kimo cha sentimita 35, na kitako chenye urefu wa sentimita 26 na upana wa sentimita 10. Karatasi ya A4, ambayo ina upana wa sentimita 21 na kimo cha sentimita 29.7, husimama humo bila kukunjwa, na nafasi hubaki ya kuingiza mkono. Ikiwa mpokeaji ana kitu maalumu anachobeba kila siku, kipime kitu hicho kwanza, kisha uongeze angalau sentimita 4 kwa upana na kwa kimo.

Urefu wa mikanda usikadiriwe kwa macho. Chukua kamba, uipitishe juu ya bega la mtu mwenye umbo linalokaribiana na la mpokeaji, na uziache ncha zake mbili zishuke hadi pale unapotaka mdomo wa mkoba uwe, ukikumbuka kwamba mkono wake lazima upite kwa urahisi hata akiwa amevaa koti. Pima kamba hiyo, kisha uongeze sentimita 10 zitakazozama ndani ya mshono. Kwa watu wazima wengi, mkanda wa begani uliokatwa kwa urefu wa sentimita 78 hutosha, nao huonekana sentimita 68 mkoba ukishakamilika. Kwa mkoba wa kushikwa mkononi, sentimita 50 zinatosha.

Kitambaa na vifaa

Kwa upande wa nje tafuta kitambaa kizito kisichovutika, kama vile turubai la pamba, jinzi, au pamba nene ya aina inayotumiwa kufunika viti. Kwa bitana, yaani kitambaa cha ndani, chagua pamba nyepesi iliyofumwa kwa kubana. Iinue kwenye mwanga, na ukiona matundu kati ya nyuzi ujue kwamba funguo na kalamu zitaichana mapema. Napendelea bitana ya rangi hafifu hata pale ambapo kitambaa cha nje ni cheusi, kwa sababu mtu anayetafuta kitu ndani ya mkoba wenye bitana nyeusi hutafuta kama aliye gizani. Kwa kitambaa chenye upana wa sentimita 110 utahitaji mita 1 kwa upande wa nje na nusu mita kwa bitana, pamoja na akiba ya kile kitakachopungua katika kufuliwa.

Uzi uwe wa poliesta, kwa kuwa una nguvu zaidi ya uzi wa pamba wa unene uleule na hauozi upesi kwa unyevu. Sindano ya cherehani iendane na kitambaa: namba 80/12 inafaa bitana nyepesi, 90/14 inafaa jinzi ya wastani, na 100/16 inafaa turubai na sehemu zenye tabaka nyingi. Weka sindano mpya kabla ya kuanza, maana sindano iliyochakaa huruka mishono na kuvuta nyuzi za kitambaa. Zaidi ya hapo utahitaji mkasi mkali usiotumika kukatia karatasi, chaki ya nguo, rula ndefu, utepe wa kupimia, pini, pasi, na kifaa cha kufumulia mshono.

Fua vitambaa vyote viwili kabla ya kukata. Pamba isiyofuliwa inaweza kupungua kwa asilimia 3 hadi 5 katika ufuaji wa kwanza, na pale ambapo kitambaa cha nje na bitana vinapungua kwa viwango tofauti, mkoba hujikunja na kuharibika umbo baada ya kufuliwa mara moja tu. Kama rangi ni kali, sugua kitambaa cheupe kilicholowa juu yake. Kikichukua rangi, endelea kufua na kusuuza hadi maji yatoke safi. Piga pasi kitambaa kikiwa bado na unyevu kidogo ili mikunjo yote iondoke, kwa sababu kipimo kilichochorwa juu ya mkunjo hakiwezi kuwa sahihi.

Kukata

Nyuzi za kitambaa ni za namna mbili: mtande, unaokwenda sambamba na ukingo uliofumwa kiwandani, na mshindio, unaoukatiza. Mtande ndio usiovutika sana, na kwa hiyo mikanda lazima ikatwe kwa kuufuata. Ukiikata mikanda kwa kufuata mshindio hutavunja sheria yoyote, lakini itarefuka kidogo kidogo chini ya uzito, na mkoba utaanza kumgonga mpokeaji mapajani. Ili kupata ukingo ulionyooka, vuta uzi mmoja wa mshindio hadi uache mstari mwembamba, kisha ukate juu ya mstari huo.

Kata vipande vifuatavyo, ambavyo tayari vina akiba ya mshono, yaani ukingo unaobaki nje ya mstari wa mshono, ya sentimita 1 kila upande:

- vipande 2 vya kitambaa cha nje, upana sentimita 38 na kimo sentimita 42;
- vipande 2 vya bitana, upana sentimita 38 na kimo sentimita 41;
- vipande 2 vya mikanda kutoka kitambaa cha nje, upana sentimita 10 na urefu sentimita 78;
- kipande 1 cha mfuko wa ndani kutoka kitambaa cha bitana, upana sentimita 20 na kimo sentimita 32.

Bitana imepunguzwa sentimita 1 ya kimo kwa makusudi. Bitana yenye kimo sawa na kitambaa cha nje hulegea ndani na kujikusanya chini, ilhali iliyo fupi kidogo hukaa ikiwa imenyooka.

Sasa chora mraba wa sentimita 5 kwa 5 katika kila pembe ya chini ya vipande vyote vinne vikubwa, ukipima kutoka kwenye ukingo, kisha ukate miraba hiyo na kuiondoa. Nafasi hizo ndizo zitakazokuwa kitako. Rudia kipimo mara mbili kabla ya kuingiza mkasi, kwa sababu tofauti ya nusu sentimita kati ya kipande na kipande itakufuata hadi mwisho wa kazi.

Ikiwa unataka kudarizi herufi za jina la mpokeaji au kubandika pambo, fanya hivyo sasa, wakati kipande kingali bapa. Jiepushe na sentimita 8 za juu na sentimita 12 za chini, kwa kuwa huko kutapita mikanda na kitako.

Mikanda

Kunja kila mkanda katikati kwa urefu wake, mgongo wa kitambaa, yaani upande usiokusudiwa kuonekana, ukiwa ndani, na upige pasi hadi mkunjo uonekane wazi. Fungua, kisha lete kingo zote mbili zikutane kwenye mkunjo huo wa kati na upige pasi tena. Mwishowe kunja kwa mara nyingine katika mkunjo wa kwanza, upate mkanda wa tabaka nne wenye upana wa sentimita 2.5. Shikiza kwa pini na ushone milimita 3 kutoka ukingo ulio wazi, kisha ushone upande wa pili vilevile. Mistari yote miwili ianze kushonwa kutoka ncha ileile. Ukishona mmoja kwenda na mwingine kurudi, tabaka za juu na za chini husukumwa pande tofauti na mkanda hujipinda kama kamba iliyosokotwa. Watu wengi hudhani mkanda uliopinda umekatwa vibaya, kumbe ni mwelekeo wa mshono tu.

Urefu wa hatua ya mshono uwe milimita 2.5 hadi 3 kwa maungio ya kawaida, na milimita 3.5 kwa mistari inayoonekana nje. Jaribu kwanza kwenye masalio yenye tabaka zilezile: uzi wa juu ukionekana kwa wingi upande wa chini, ongeza mkazo wa uzi wa juu, uzi wa bobini, yaani ule wa chini ya cherehani, ukipanda juu, upunguze.

Mfuko wa ndani

Kunja kipande cha mfuko uso kwa uso kiwe na upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 16, na ushone pande tatu zilizo wazi, ukiacha tundu la sentimita 5 upande wa chini. Kata ncha za pembe, geuza, upige pasi. Weka mfuko juu ya uso wa kipande kimoja cha bitana, mkunjo ukiwa juu, sentimita 9 chini ya ukingo wa juu na sentimita 10 kutoka kila upande. Shona pande mbili na chini, nawe utakuwa umeliziba lile tundu kwa mshono huohuo. Kwenye pembe za juu za mfuko rudi nyuma na mbele mara tatu, kwa kuwa mkono huvuta hapo kila unapoingia.

Kuunganisha mwili wa mkoba

Weka vipande viwili vya nje uso kwa uso. Shona ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia na upande wa chini, kila mmoja kwa sentimita 1, ukiziacha wazi zile nafasi za miraba. Anza na umalize kila mshono kwa kurudi nyuma hatua tatu au nne. Mshono wa chini upitishe mara ya pili juu ya mstari uleule. Kisha fungua akiba za mishono kwa pasi, ili kila moja ilale upande wake.

Shika nafasi moja ya mraba na uivute ifunguke hadi mshono wa ubavu ukutane na mshono wa chini, akiba za mishono zikiwa zimefunguliwa pande mbili ili kusiwe na uvimbe. Utaona ukingo mmoja ulionyooka. Chomeka pini katikati, pale mishono miwili inapokutana, na ushone kwa sentimita 1 kutoka ukingo, mara mbili. Fanya hivyo upande wa pili. Ukigeuza mkoba sasa utaona kitako kimesimama. Kama mpokeaji hubeba vitu vizito, kata kipande cha kitambaa cha nje chenye ukubwa wa sentimita 26 kwa 10, ukilaze juu ya kitako kwa ndani, na ukishonee kwa mkono kwenye akiba za mishono. Hakitaonekana, lakini kitapunguza kulegea.

Bitana ishonwe kwa hatua zizo hizo, isipokuwa katikati ya mshono wa chini acha wazi sentimita 14. Tundu hilo ndilo mlango wa kugeuzia mkoba, na ukilisahau utalazimika kufumua.

Kufunga mikanda

Sehemu hii isifanywe kwa haraka. Geuza mkoba wa nje uso wake uwe nje. Tafuta katikati ya mdomo kwa kila upande, pima sentimita 7 kushoto na sentimita 7 kulia, na uweke alama ya chaki. Katikati ya kila ncha ya mkanda itakaa juu ya alama hizo. Laza mkanda juu ya uso wa mkoba, kitanzi chake kikining'inia kuelekea chini, na ncha zake zikitokeza sentimita 4 juu ya ukingo wa mdomo. Hakikisha mkanda haukujipinda, kisha piga bandi, yaani mshono wa muda wa kushikiza, nusu sentimita kutoka ukingo. Rudia upande wa pili, na uilinganishe mikanda miwili kwa kuishika pamoja: mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenzake hata kwa sentimita 1, mkoba utabebwa ukiwa umeinama.

Sentimita hizo 4 zinazotokeza ndizo zinazotofautisha mkoba wa kudumu na ule wa muda mfupi. Mkoba ukishageuzwa, ncha hizo hushuka kati ya kitambaa cha nje na bitana, na unaweza kuzishona kwa mstatili wenye mkingamo, hivyo uzito ukasambaa juu ya eneo lote la mstatili badala ya kuning'inia kwenye mstari mmoja.

Acha bitana mgongo wake ukiwa nje, na uingize mkoba wa nje ndani yake, hivi kwamba nyuso mbili zikutane na mikanda ifichike katikati. Linganisha mishono ya mbavu kwanza, kisha sambaza kingo na uchomeke pini kila baada ya sentimita 4. Shona mdomo wote kwa sentimita 1. Ukifika kwenye mkanda, punguza mwendo na uzungushe gurudumu la cherehani kwa mkono. Cherehani ikilazimishwa kuvuka tabaka hizo kwa kasi, sindano inaweza kuvunjika na kipande kikaruka. Ondoa kila pini kabla haijafika chini ya sindano.

Vuta mkoba wote kupitia tundu la bitana, taratibu, ukianza na mikanda. Sukuma pembe kwa kijiti chenye ncha butu. Kunja kingo za tundu kwenda ndani na ulizibe kwa mshono wa kuficha wa mkono, kisha uisukume bitana mahali pake. Piga pasi mdomo hadi bitana isichungulie nje, na ushone mstari unaoonekana nusu sentimita kutoka ukingo, kuzunguka mdomo mzima.

Sasa papasa ncha za mikanda chini ya mdomo na uzishikize kwa pini. Kwa kila ncha, chora kwa chaki mstatili wenye upana wa sentimita 2 na kimo cha sentimita 3, ukianzia kwenye mstari wa mdomo. Shona mzunguko wake, kisha ukatize kutoka pembe hadi pembe mara mbili, bila kukata uzi, ukigeuza kitambaa sindano ikiwa imezama. Weka kwenye bobini uzi unaofanana na bitana, kwa kuwa mistatili hii itaonekana ndani pia.

Kwa asiye na cherehani

Kazi yote hii inawezekana kwa mkono, na mkoba hautakuwa dhaifu iwapo utatumia mshono wa kurudi nyuma, yaani kila hatua inarudi hadi mwisho wa hatua iliyotangulia kabla ya kusonga mbele. Tumia uzi mara mbili, uupitishe kwenye nta ya nyuki ili usijifunge mafundo, na ufanye hatua za milimita 3. Vaa kastabini kwenye kidole cha kusukumia unapovuka mikanda. Itakuchukua jioni kadhaa, na sioni sababu ya kuharakisha, maana mishono mirefu iliyofanywa kwa uchovu ndiyo inayofumuka.

Kabla ya kuufunga

Tia vitabu vya uzito wa kilo 5 ndani ya mkoba, uutundike kwenye kitasa imara cha mlango na uuache hadi kesho yake. Kagua maungio: uzi ulionyooka na kuonekana kwa wingi kati ya kitambaa na mkanda unaonyesha mshono uliolegea, nao ni afadhali ufumuliwe sasa kuliko kuachiwa mpokeaji. Ondoa alama za chaki kwa brashi, kata nyuzi zote zinazoning'inia, upige pasi mara ya mwisho.

Kunja mkoba mara tatu kwa urefu na uuzungushie mkanda mmojawapo, nao utakaa bila kuhitaji boksi. Katika mfuko wa ndani weka kadi ndogo inayoeleza kwamba mkoba unafuliwa kwa maji ya baridi, unaanikwa ukiwa umegeuzwa bitana nje, na unapigwa pasi ungali na unyevu. Pamoja na kadi hiyo weka kipande cha kitambaa kilichobaki na mita chache za uzi uleule, ili siku mshono mmoja utakapoachia, mpokeaji awe na cha kuushonea.